Nani Anakupokea?

Babu yangu, baba yake mama, aliniuliza swali hilo usiku mmoja wa Aprili 2024, sebuleni kwetu Mandewa, Singida mjini. Ilikuwa inakaribia saa saba. Alikuwa ametoka chumbani kwenda msalani, akanikuta mezani na kompyuta, hedifoni zikiwa shingoni, nasubiri faili limalize kupanda. Akasimama na fimbo yake, akaniangalia usoni kwenye mwanga wa skrini, kisha akasema, "Bibi, zamu yako inaisha saa ngapi?" Ananiita bibi kwa utani, kama babu wengi wanavyowaita wajukuu zao wa kike.

Nikamwambia haina saa maalumu. Inaisha kazi ikiisha.

"Na nani anakupokea?"

Nikacheka. Nikamwambia hakuna wa kunipokea, Babu, hii kazi ni ya mtu mmoja na kompyuta yake. Yeye hakucheka. Alisema "hatari," neno moja tu, akaendelea na safari yake.

Nililipuuza neno lile kwa miezi mitatu. Ninaandika makala hii kwa sababu ya kilichotokea baada ya miezi hiyo, na kwa sababu baadaye nilielewa kwamba Babu hakuwa anaongea kama mzee asiyejua teknolojia. Alikuwa anaongea kama mtu aliyefanya kazi chini ya mashine ya mbali kwa zaidi ya miaka thelathini, kabla mimi sijazaliwa.

Kazi yangu ni hii. Kuna kampuni ya ng'ambo inayofundisha kompyuta kuelewa Kiswahili. Inahitaji watu wa kusikiliza sauti za Waswahili, kuandika kila neno walilotamka, na kuweka alama mahali pa kikohozi, kicheko au kelele za barabarani. Kazi inapita kwa wakala, wakala anatafuta watu kama mimi: wahitimu wa chuo, wenye kompyuta na bando, wasio na ajira. Nilianza mwaka 2022. Mshahara wake haukuwa mkubwa kwa hesabu za huko, ila ulilipa ada ya mdogo wangu chuoni na dawa za Babu, na ulinifanya nisipange chumba Dar es Salaam. Hilo peke yake lilikuwa jambo la kushukuru.

Mkutano wa timu ulikuwa saa nne asubuhi kwa saa za California. Huku kwetu ni saa mbili usiku. Lakini Wamarekani wana desturi ya kusogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Machi na Novemba, kwa hiyo Novemba mkutano ulihamia saa tatu usiku, na Machi ukarudi saa mbili. Singida jua halijui habari hizo. Linachomoza pale pale juu ya mawe, saa kumi na mbili na ushee, na saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabiwa kutoka hapo. Mimi nilikuwa naishi kwenye jua la watu wengine. Baada ya mkutano ndipo mafaili yaliposhushwa, na anayewahi ndiye anayepata, kwa hiyo usiku ndio uliokuwa mchana wetu.

Programu ya kazi ilipiga picha ya skrini yangu kila baada ya dakika kadhaa. Jina langu lilikuwa na nukta: kijani ukiwa kazini, njano ukikaa kimya, kijivu ukitoweka. Sikuwahi kumwona bosi wangu ana kwa ana, ila ile nukta niliijua kama ninavyoijua sura yangu. Nilianza kuisogeza panya hata nikiwa nakula. Nilianza kulala na simu kifuani. Asubuhi nilikuwa naamka nimeuma meno hadi taya linauma.

*

Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, takriban kilomita 1,250 za njia moja. Katika mkoa wetu wa leo imepita kusini, kwa Manyoni na Itigi, kwenye vichaka ambavyo kabla ya hapo walivijua wawindaji, warina asali na misafara. Shuleni tulifundishwa kwamba reli ilibeba mkonge, karanga, pamba na askari. Hatukufundishwa kwamba ilileta pia namna mpya ya kufanya kazi: kusimamiwa na mtu usiyemwona, kwa waya.

Fikiria njia moja ya reli yenye treni zinazotoka pande mbili. Zikikutana katikati ya stesheni mbili, watu wanakufa. Kwa hiyo treni haiondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele ikubali kwamba njia ni tupu. Kukubali huko hakuwezi kusubiri mjumbe wa miguu, kunahitaji waya. Ndiyo maana nguzo za telegrafu, na baadaye simu, zilitembea bega kwa bega na reli. Stesheni ndogo ya porini, yenye nyumba mbili na tangi la maji, ilikuwa imefungwa kwenye waya ule ule na ofisi kubwa za mamia ya kilomita. Mfanyakazi wake hakuwa na bosi pembeni. Alikuwa na kengele.

Babu aliajiriwa 1957, akiwa na miaka kumi na tisa, na lililokuwa likiitwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Alianza kwa kuwasha taa za mafuta na kubadilisha njia za treni Manyoni, akapanda hadi kuwa msaidizi wa stesheni masta Itigi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, akaamka asubuhi yuko Shirika la Reli Tanzania, stesheni ile ile, kofia nyingine. Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Nilipoanza kumuuliza habari hizi kwa makini, nilitegemea anisimulie mizigo, simba na wazungu. Alinisimulia simu. Ile ya kuzungusha mkono, iliyotundikwa ukutani. Alisema kila stesheni ilikuwa na mlio wake, na waya ukiwa mmoja milio yote mnaisikia, lakini mwili unajifunza kuamka kwa wa kwenu tu. Ukilala na mkeo, sikio moja liko ofisini. Alikuwa anaota simu inalia na hawezi kuifikia. Na mpaka leo, zaidi ya miaka thelathini tangu astaafu, huamka saa nane usiku, muda ambao treni ya abiria ilikuwa ikipita, akakaa kitandani mpaka ipite, ingawa hakuna kinachopita.

Nilipomwambia kwamba Wamarekani wana neno la hali hiyo, alitaka kulisikia. Mwaka 1984 mtaalamu wa saikolojia aitwaye Craig Brod alichapisha kitabu akaliita tatizo hilo "technostress", msongo unaotokana na mtu kushindwa kwenda sawa na mashine anazofanyia kazi. Miaka kumi na moja kabla yake, 1973, mhandisi Jack Nilles alikuwa ameanza kupigia debe wazo la kufanya kazi mbali na ofisi kwa kutumia mawasiliano, nia yake ikiwa kupunguza foleni za magari Los Angeles. Babu alisikiliza, akasema, "Kumbe sisi wa Itigi tulitangulia."

Alikuwa anatania, lakini nadhani ana hoja. Tunapozungumzia msongo wa kazi za mtandaoni tunaongea kana kwamba ulizaliwa na korona mwaka 2020. Ukweli ni kwamba tangu waya ulipoweza kumfikia mfanyakazi usiku, mahali fulani porini kuna mtu amekuwa akilala na sikio moja wazi.

*

Tofauti ya Babu na mimi ilikuwa daftari.

Stesheni yake ilikuwa na daftari la zamu. Anayeondoka aliandika saa, treni iliyo njiani, kilichoharibika, kisha akatia saini. Anayeingia alisoma, akauliza maswali, naye akatia saini. Kabla ya saini ya pili, zamu ni yako hata kama umechoka vipi. Baada yake, si yako hata kama dunia inaungua. Babu alilieleza hilo kwa mikono, akisukuma daftari la hewani kuvuka meza yetu. "Ukishasaini unatoka. Simu ikilia, inamlilia mwenzako."

Hakunidanganya kwamba ilikuwa peponi. Mara nyingi mwenzake aliugua au hakutumwa kabisa, na zamu moja ikazaa nyingine. Watoto wake, akiwemo mama yangu, walilelewa na Bibi kijijini Singida wakimjua baba kwa barua na kwa fedha za mwisho wa mwezi. Mama hadi leo anasema aliogopa mgeni mwenye kofia aliyekuja Krismasi. Mimi nafanya kazi sebuleni kwa mama. Teknolojia iliyomtoa Babu nyumbani ndiyo iliyonibakiza mimi. Sitaki kulisahau hilo kwa sababu tu nimeumia.

Lakini heshima ya zamu haikushuka kutoka mbinguni, na hapa ndipo historia ya wafanyakazi wa nchi hii inapotuhusu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli kwenda bara. Mwaka 1960, chama cha wafanyakazi wa reli, TRAU, kikiongozwa na Kasanga Tumbo, kiligoma kwa siku 82. Babu alikuwa na miaka ishirini na miwili. Dai kubwa lilikuwa mishahara. Anachokumbuka yeye ni njaa, na wanakijiji waliowaletea mtama na maboga usiku, na Bibi aliyeuza kuku wake wote. Anakumbuka pia kwamba habari za mgomo zilipita kwenye waya ule ule wa kazi. Waliokuwa wakiamrishwa kwa simu waligundua kwamba simu ina ncha mbili.

Nilipomuuliza walipata nini, alisema walipata kujua kwamba wapo wengi. Mtu wa stesheni ndogo, alisema, hudhani ni yeye peke yake aliyechoka.

*

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Seacom ndiyo iliyotufungulia njia mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla yake Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa bei ya kukatisha tamaa. Siku ile nchi nzima intaneti ikawa ya kusuasua. Huku kwetu niliona ukurasa ukizunguka, ukizunguka, kisha nukta yangu ikawa kijivu.

Nilichukua kompyuta nikaenda kutafuta mtandao. Nilijaribu laini tatu. Nilipanda kwenye mawe makubwa karibu na Ziwa Singidani, upepo wa Singida ukinipiga vumbi machoni, nikiishika simu juu kama mtu anayeomba mvua. Chini yangu heroe walikuwa wamesimama kwenye maji ya chumvi, hawana haraka. Nililia pale. Si kwa huzuni. Kwa hasira ya kuchoka. Mtandao uliporudi vizuri nilikuta taarifa kwamba kiwango changu cha upatikanaji kimeshuka, na kwa hiyo nimesogezwa nyuma kwenye foleni ya kugawiwa kazi. Niliandika kueleza habari za nyaya. Nilijibiwa na ujumbe wa mashine ukinishukuru kwa maoni yangu.

Babu alishindwa kuelewa. Kwao waya ukikatika, na ulikatika mara kwa mara, twiga akiupitia au mtu akiuiba, kulikuwa na kanuni zilizoandikwa za kuendesha treni pasipo mawasiliano. Unaandika daftarini: waya umekatika, saa fulani. "Waya ukikatika ni shida ya waya," alisema. "Kwenu inakuwaje shida ya mtu?"

*

Tatizo langu lina jina la kisheria. Mkataba wangu unaniita mkandarasi huru.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Inataka mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Inahesabu kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa kazi ya usiku, yenye nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Niliisoma kama mtu anayesoma menyu ya hoteli asiyoweza kuingia. Hayo ni ya mwajiriwa.

Ila sheria dada yake, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo, ina kifungu cha 61 ambacho kila kijana wa kazi za mtandaoni angekisoma. Kinataja dalili za kumdhania mtu kuwa mwajiriwa hata kama karatasi inasema vinginevyo: kwamba namna yako ya kufanya kazi au saa zako zinadhibitiwa na mwingine, kwamba umefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba kipato chako kinamtegemea yeye. Mimi nilikuwa nafikisha saa 45 kabla wiki haijaisha. Lakini wa kumshtaki yuko wapi, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikimwita, atakuja kutoka bara gani?

Wengine wamejaribu kulijibu swali hilo. Ufaransa iliweka haki ya mfanyakazi kujitenga na mawasiliano ya kazi, ikaanza kutumika Januari 2017. Ureno ilipitisha mwaka 2021 sheria inayomkataza mwajiri kumsumbua mfanyakazi nje ya saa zake. Kenya, seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa aina hiyo mwaka 2022. Na Machi 2024, jukwaa la Remotasks, lililokuwa likiwapa Wakenya wengi kazi za kuandaa data wakiwa majumbani, lilifungwa nchini humo, na watu wakapata habari kwa barua pepe. Ukikosa wa kukupokea, unaweza pia kukosa wa kukuaga.

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba saa ndefu za kazi, 55 au zaidi kwa wiki, zilihusika na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Namba hiyo ilikuwa ya watu wengine.

*

Julai 2024, usiku wa Alhamisi, mama alikuwa kwenye msiba Iramba. Nilikuwa mezani tangu saa mbili. Kazi ya siku ile ilikuwa mazungumzo ya wazee: mtu aliwarekodi wakisimulia maisha yao, na mimi naandika. Sauti zao zilikuwa za mikwaruzo, kwa hiyo nilipandisha hedifoni hadi mwisho. Saa sita na nusu nilizivua ili nichukue maji.

Nikasikia Babu anaita jina langu, polepole, kutoka uani. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi ya msalani. Alikuwa pale chini kwa zaidi ya saa moja. Alisema aliita mara nyingi, kisha akaanza kuita kwa mpangilio, mara mbili fupi na moja ndefu, kama mlio wa stesheni yake, akidhani labda hivyo nitasikia.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Nilikuwa mita kumi kutoka kwake, naandika neno kwa neno simulizi za babu za watu wengine.

Nilipomuomba msamaha hospitalini, alinikatiza. Alisema kazini hakuna lawama mpaka usome daftari. "Wewe hukuwa na mwenzako. Mtu mmoja hawezi kusikiliza nyaya mbili."

Tarehe 1 Agosti, Rais Samia alipozindua safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Babu alikuwa amelala sebuleni na mito chini ya mguu, anaangalia runinga. Kila mtu alikuwa anaongelea mwendokasi. Yeye alitaka kujua anayeangalia njia usiku, na anapokelewa saa ngapi.

Wiki hiyo niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, la watu wa Singida, Dodoma, Mbeya na Nairobi tunaofanya kazi ile ile. Nilikuwa sijawahi kuandika humo ila kuuliza kama malipo yametoka. Niliandika kilichotokea. Nilitarajia pole. Nilipata pole, na pia nilipata watu kumi na nne waliosema wanalala na simu kifuani, mmoja aliyekosa kumzika shangazi yake, mmoja aliyepoteza mimba na akaingia kwenye mkutano siku ya pili kwa kuogopa ile nukta. Tulidhani kila mmoja ni stesheni ndogo.

Tulimwandikia wakala barua moja, yenye majina yetu yote. Hatukuomba makubwa: mafaili yagawiwe kwa zamu tunazopangiana wenyewe, anayemaliza zamu aweze kuzima bila kuadhibiwa, na kukatika kwa mtandao au umeme kuandikwe kama kukatika kwa mtandao au umeme. Ilichukua wiki saba. La kwanza walilikubali, la pili walilikubali nusu, la tatu bado tunabishana. Kipato changu kimepungua kwa karibu robo. Mdogo wangu sasa anauza vitunguu vya Misuna kwa wanachuo wenzake ili kufidia, na hilo linaniuma, ingawa yeye anadai ana faida kuliko mimi.

Zamu yangu inaisha saa nne usiku. Anayenipokea ni dada mmoja wa Mbeya ambaye sijawahi kukutana naye. Tuna daftari, faili moja la pamoja: nilipoishia, kilichoharibika, saa. Ninaandika jina langu, nasubiri aandike lake, kisha nazima.

Babu huwa bado macho. Anatembea na vyuma sasa. Huniita kutoka chumbani kabla hajazima redio.

"Amesaini?"

"Amesaini, Babu."

"Haya. Kalale."